Salamu za Susu Mbula

Alhamisi hiyo ya mwaka wa 1984 ilikuwa siku kama nyingine. Dada yangu Kavata alikuwa akichemsha mahindi ya manjano ya msaada, mimi nikipepeta pojo kidogo zilizobaki. Shemeji yangu Ndolo alikuwa ameanika mawe ya redio, zile betri zake, juani ili yapate nguvu tena. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, karo ya sekondari ikakosekana, nikaletwa kijijini Kanyangi kumsaidia dada kulea mtoto.

Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, stesheni moja ya Ulaya ilisoma kwa Kiswahili salamu za wasikilizaji. Shemeji aliwaandikia kila mwezi. Ukutani alibandika kalenda walizomtumia, zenye picha za theluji. Tulikuwa na mchezo wetu: jina lako likisomwa, unaitika kwa sauti, "Nipo!" Ndila, mtoto wao wa miaka minne, aliupenda mchezo huo kuliko chakula.

"Chifu wa hapa hanijui," shemeji alizoea kusema, "lakini Ulaya wananijua."

"Basi waambie wakuletee unga," dada alimjibu.

Siku hiyo barua yake ilisomwa. Msomaji alitaja jina la dada. "Nipo!" Langu. "Nipo!" La Ndila. "Nipo!" Kisha akasema, "Na kwa mama yangu mpenzi, Mbula."

Hakuna aliyeitika. Susu Mbula, bibi yake Ndila, alikuwa amezikwa miaka miwili iliyopita.

"Mbona umemwandika mama?" dada aliuliza.

"Walitaka majina mengi. Nani atajua?"

"Umemwita bila kummwagia hata tone?"

Kwetu, ukimwita marehemu kwa jina, kwanza unamwaga kidogo chini, maji au uji, apate kunywa. Lakini shemeji alikuwa mzee wa kanisa. Alicheka.

"Walio hai hawana maji, niwamwagie wafu?"

Ni kweli maji yalikuwa shida. Tulikuwa tukichimba mchanga wa mto tangu alfajiri ili tupate mtungi mmoja.

Alhamisi iliyofuata, msomaji alikohoa kidogo kabla ya kusoma.

"Hapa kuna salamu za kurudisha. Zimetoka kwa Mbula, Kanyangi. Anasema zenu zimefika. Anasema huko aliko kuna kiu. Anamwomba mjukuu wake Ndila amletee maji."

Barua ya kwenda Ulaya ilichukua wiki tatu. Hii ilikuwa imechukua siku saba.

Dada alinyoosha mkono kumfunika mtoto mdomo. Alichelewa.

"Nipo, susu!"

Shemeji alizima redio. "Ni mtu anatutania," alisema. Uso wake ulikuwa kama majivu.

Wiki hiyo nzima dada alimsihi.

"Baba Ndila, kikombe kimoja tu. Mwite mama yako kwa heshima, umwage, umwombe msamaha."

"Mwaga wewe."

"Wewe ndiye mwanawe, na wewe ndiye uliyemwita. Kwangu hatapokea."

"Na washirika wa kanisa wakisikia?"

"Washirika ndio waliomzaa Ndila?"

Shemeji alitoka nje. Hakumwaga.

Alhamisi ya tatu ilipofika, dada aliyatoa mawe yote kwenye redio, akayafunga kwenye pindo la leso yake. Saa kumi na moja tulikuwa jikoni, ng'ambo ya ua. Ndila alikuwa mlangoni, mbele ya macho yetu. Dada aligeuka kutazama chungu. Mimi niliinama kupuliza moto.

Tukasikia muziki wa kufungua kipindi ukitoka nyumbani.

Dada alishika pindo la leso. Mawe yalikuwepo.

Mlangoni hapakuwa na mtu.

Tulikimbia.

Ndila alikuwa ameketi mbele ya redio, ameshika kikombe cha bati. Kikombe kilikuwa kitupu. Sakafu ilikuwa kavu. Redio ilikuwa kimya.

"Ndila," dada alinong'ona.

Hakuitika.

Midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Asubuhi alikuwa amekunywa uji na maji mbele yangu. Muuguzi wa zahanati alisema mtoto amekufa kwa kiu ya siku nyingi, akatutazama kama wauaji.

Tulimzika Jumamosi. Wanawake wa kanisa walinong'onezana kwamba dada alimnyima mtoto maji. Shemeji aliwasikia. Alijua ukweli, na hakusema neno. Hilo dada hajalisamehe mpaka leo.

Sasa ni miaka tisa. Shemeji si mzee wa kanisa tena. Kila Alhamisi humwaga maji mbele ya redio, kikombe kizima, akimwita mama yake. Stesheni ile iliacha kusoma salamu zamani. Dada huyakanyaga maji hayo akipita, kama asiyeyaona.

Wiki ile ya mazishi niliona alama kwenye kioo cha redio, pale penye namba za stesheni. Zilikuwa za vidole vitano vidogo. Nilifuta, hazikutoka. Zilikuwa upande wa ndani. Fundi aliifungua redio, akapangusa kioo, akafunga. Kesho yake zilikuwepo.

Jumapili iliyopita nilienda kumwona dada, pamoja na binti yangu wa miaka sita. Nilimkuta mtoto ameweka kiganja chake juu ya kioo cha redio, anajipima.

Vidole vya ndani sasa vilikuwa virefu kuliko vyake.