Karatasi ya Arobaini Iliyokatika

Mama alikuwa anachagua ngano ya kuchemsha na kugawia watu kwenye arobaini ya baba, marehemu Nedelcho. Akaniambia, "Momchil, wewe ndiye fundi wa kompyuta. Tengeneza zile karatasi za kutangaza arobaini, tuzibandike mjini."

"Kazi ndogo, mama."

Nilikuwa nimeliandikia duka la uchapaji programu. Unaandika tangazo nyumbani, linachapwa dukani. Niliijaribu mara ishirini, kwa herufi za Kilatini. Waandika programu wa Bulgaria ndivyo tulivyo: Kibulgaria chetu tunakiandika kwa herufi za wageni, tusihangaike kubadili kibodi. Ilifanya kazi vizuri. Nikajipongeza kwa bia, kisha nikaandika tangazo la baba kwa herufi zetu za Kisirili.

Ijumaa asubuhi mama alichukua karatasi thelathini, akazibandika milangoni na kwenye nguzo bila miwani. Alimwamini mwanawe.

Mchana Bi Stoyanka, jirani wa ghorofa ya pili, akanikamata ngazini. Zamani alifanya kazi katika kiwanda cha kompyuta.

"Wee Momchil! Karatasi inaishia, '...siku arobaini tangu atutoke mume mpendwa, baba na.' Baba na nani? Na mbuzi?"

Nilikimbia kusoma. Kweli, maneno yaliishia hapo. Kanisa halikutajwa. Saa haikutajwa. Jina la mama halikuwepo. Na ibada ilikuwa kesho saa nne! Nani angekuja? Ndani, mama alikuwa anachemsha ngano ya watu themanini. Masikio yaliniwaka.

"Nionyeshe ulichoandika," akasema Bi Stoyanka. Alisoma programu yangu, akaguna. "Umeiambia mashine ipeleke kiasi gani?"

"Nimehesabu herufi, Bi mkubwa. Herufi mia nne, nikaagiza baiti mia nne."

"Baiti ni nini?"

"Ni... namba ndogo."

"Haya. Mashine haijui herufi. Kila herufi hugeuzwa namba kwanza, na namba huwekwa kwenye baiti. Herufi ya Kilatini hukaa kwenye baiti moja. Herufi yetu ya Kisirili ni nene, hukaa kwenye mbili. Basi lina viti mia nne, abiria mia nne, kila mmoja anakalia viwili. Wangapi wamebaki kituoni?"

"Nusu," nikasema, nikiangalia viatu vyangu.

"Mama yako yumo humo kituoni."

"Nifanyeje?"

"Geuza kwanza maneno yote yawe baiti. Kisha hesabu baiti, siyo herufi. Ndipo upeleke. Na ujaribu kwa herufi zetu, mvivu wewe!"

Nilibadilisha mistari miwili tu. Tangazo likatoka zima. Kisha nikaenda jikoni kumwambia mama ukweli. Kumwambia kulikuwa kugumu kuliko programu. Hakunigombeza, laiti angenigombeza! Alivaa miwani, akasoma karatasi mpya, kidole chake kikifuata mstari hadi kwenye jina lake.

"Sasa nenda," akasema.

Nilizunguka mji na ndoo ya gundi, nikibandika mpya juu ya mbovu. Kwenye kituo cha basi mzee mmoja akauliza, "Leo tangazo la baba yako lina mwisho?" Watu wakacheka. Nami nikapaka gundi.

Jumamosi saa nne kanisa lilijaa. Mama aligawa ngano kwa vikombe, mkono kwa mkono. Mimi nilisimama mwisho wa foleni. Nilipofika, sufuria ilikuwa tupu.

"Wamekuja wengi mno," mama akasema, akanifuta gundi ya jana shavuni.