Mbwa wa Hirsi na Mbwa wa Diriye

Kila asubuhi Hirsi alitoka nje, akatazama zizi la jirani yake Diriye. Lake mwenyewe alilitazama baadaye.

"Hata leo mbuzi yake iko yote," alimwambia mkewe Ruqiya kwa uchungu.

Wanaishi nje kidogo ya mji wa Garissa, mahali penye fisi wengi. Kwa miaka miwili fisi walikuwa wamekula mbuzi tisa wa Hirsi. Kwa Diriye hawakula hata mmoja, kwa sababu Diriye ana mbwa. Tena mbwa mwenyewe ni jike mwembamba, wa rangi ya vumbi. Hirsi alimwonea wivu jirani yake mpaka akawa anaitikia salamu zake nusunusu.

"Si umwulize anamfugaje?" Ruqiya alisema.

"Mimi? Nimwulize Diriye? Walahi, nitaleta mbwa mpaka yake ikimbie!"

Akaleta kweli. Alinunua Nairobi mbwa mkubwa kama ndama, mwenye manyoya mengi, akamwita Bosi. Lakini Hirsi aliogopa najisi. Alimfunga mnyororo mbali na zizi, juani, akawa anamrushia chakula kama anayerusha mawe. Siku ya tano mnyororo ulikatika. Bosi hakumtafuta fisi yeyote. Aliingia zizini, akaua wanambuzi wawili. Hirsi alipoona Diriye amesimama anatazama, alitamani ardhi immeze.

Wiki hiyo Filsan, afisa wa mifugo, alikuja kuchanja mbuzi. Alimkuta Bosi anahema, ulimi nje.

"Adeer, ami yangu, mbwa huyu hana kosa," alimwambia Hirsi. "Ni mbwa wa mahali pa baridi. Manyoya yote haya, na jua letu hili? Halafu hajui mbuzi ni nini. Umemweka mbali nao."

"Si mbwa ni najisi?"

"Dini yetu inaruhusu mbwa wa kulinda mifugo. Asiingie nyumbani, na awe na chombo chake. Lakini alale na mbuzi. Tafuta mtoto wa mbwa wa hapa hapa, aliyeacha kunyonya. Akue pamoja na wanambuzi. Akiwarukia, mkanye mara moja. Atawazoea, atawalinda."

"Na chakula?"

"Kila siku, na maji. Usimpe maini wala mapafu mabichi. Yanaweza kumpa minyoo inayohamia kwa watu. Akifika miezi mitatu nipigie simu, nimchanje dhidi ya kichaa cha mbwa. Chanjo irudiwe kila mwaka."

"Na hii Bosi? Niifungulie iende?"

"Hapana! Mbwa wa kuzurura huuma watu. Nitamtafutia mtu."

Filsan alimpata mwenye ghala mjini, aliyezoea mbwa wakubwa na mwenye ua wa kivuli. Bosi akaenda huko.

Wakati huo mbwa wa Diriye alikuwa amezaa. Hirsi alijua, ila miguu ilikataa kwenda. Ruqiya ndiye aliyekwenda, akarudi na mtoto wa mbwa ndani ya katoni. Hirsi alinuna siku nzima. Kisha akakata dumu la plastiki, akalijaza maji, akaliweka zizini kwa ajili ya yule mdogo.

Sasa mwaka umepita. Mbwa amekua, amechanjwa, na analala katikati ya mbuzi. Fisi wanapita mbali. Hirsi hajapoteza hata mbuzi mmoja.

Juzi alichukua maziwa, akaenda kwa Diriye.

"Walaal, ndugu yangu, nilikuonea wivu," alisema. "Mbaya sana."

"Nilijua," Diriye alisema. "Kijiji kizima kilijua."

Wakacheka. Kisha Diriye akaacha kucheka.

"Mbwa yangu ilizaa mara mbili kabla ulete ile ya Nairobi. Kila mara nilikuwekea mtoto moja. Nikangoja uje tu, useme."

Hirsi aliinamisha kichwa. Aliwakumbuka wale mbuzi tisa, mmoja mmoja. Wengi wao wangekuwa hai leo.