Kiti cha Mbele cha Starlet

Jioni hiyo nilikuwa nimetoka tu dukani kununua msasa. Kutu ilikuwa imebaki kidogo kwenye mlango wa buti la gari letu, na nilitaka kuimaliza kabla giza halijaingia.

Mimi ni mwalimu, naitwa Wamalwa. Tunaishi mtaa wa Langas, mimi na mke wangu Kavetsa. Ile Starlet kuukuu niliinunua kwa Mzee Kipngetich wa Chepsaita, ambaye alikuwa ameifungia kwenye ghala la mahindi miaka mingi. Gereji singeimudu, kwa hivyo niliitengeneza mwenyewe uani kila nikitoka shule, Kavetsa akinishikia tochi. Siku injini ilipokubali kuwaka, tulicheka kama watoto.

Nilipofungua geti, nikamwona Kavetsa ameketi ndani ya gari. Kiti cha mbele, kando ya dereva. Amefunga mshipi.

Alikuwa anaongea.

Nikadhani yuko kwa simu. Lakini simu yake ilikuwa inalia ndani ya nyumba... Nikasogea. Hicho hakikuwa Kiswahili, wala Kimaragoli cha kwao. Kilikuwa Kikalenjin, laini, bila kusita, kama mtu aliyekinyonya kwa mama yake.

Kavetsa hajui Kikalenjin. Hata salamu humshinda.

"Kavetsa?"

Hakugeuka.

Nikavuta mlango. Harufu ikanipiga usoni, ya maziwa yaliyochacha na udongo mbichi. Nikamfungua mshipi, nikamshika mkono nimtoe. Mkono ulikuwa baridi. Nikavuta. Mwili ulikuwa mzito kama gunia lililonyeshewa, haukutikisika.

Nikakimbia kumwita jirani yetu Mkalenjin, Mama Chelimo. Alikuja akijipangusa unga mikononi, akainama dirishani, akasikiliza. Uso ukambadilika.

"Mwalimu," akanong'ona, "huyu anayeongea si Kavetsa."

"Anasema nini?"

"Anasema, mimi Jepchumba, nifungulieni. Nimekaa sana. Nataka kwenda kwetu." Akaonyesha kiti kwa kidole. "Anasema alifungwa hapo chini ya kiti."

Nikapiga magoti, nikapenyeza mkono. Kiti hicho nilikuwa nimekishonea kitambaa kipya mwenyewe, na sikuona kitu. Sasa vidole vyangu viligusa kifurushi kidogo, kimezungushiwa uzi na nywele za mtu.

Kilikuwa na joto.

Kilikuwa kinapiga... kama moyo.

Nikachomoa kisu cha kukatia kitambaa. Mama Chelimo akanidaka mkono. "Usikate! Ukikata, tutawapoteza wote wawili. Aliyefunga ndiye afungue."

Hivyo ndivyo ile Starlet ilivyosafiri mara ya kwanza tangu niifufue, kurudi kwa Mzee Kipngetich aliyeniuzia. Haikuwa imepakwa rangi bado. Mama Chelimo alikuwa nyuma akiomba, mke wangu kando yangu akiongea na kioo. Tulipoiacha lami kuelekea Chepsaita, akanyamaza. Kisha akaanza kulia, polepole, bila machozi.

Mzee Kipngetich alitoka na taa. Alipomulika kiti cha mbele, akarudi nyuma hatua moja.

"Amerudi," akasema.

"Mzee, ulimfanya nini huyo Jepchumba?"

Akaiweka taa chini kwenye nyasi.

"Alikuwa mke wangu. Alitaka kuniacha, arudi kwao Moiben. Nikaenda kwa mtu, mbali huko, akanipa kitu cha kumzuia asiondoke, nami nikakifunga chini ya kiti hicho. Siku ya kuondoka akaingia garini na mfuko wake, anangoja kaka yake aje kuendesha." Akakitazama kiti. "Hakuondoka. Lakini hakushuka pia. Hata huyo kaka hakuweza kumtoa. Nilimletea chakula. Nilimletea blanketi. Mpaka akafia hapo hapo."

"Na wewe ukaniuzia mimi!"

"Nilidhani gari likienda, naye ataenda."

"Fungua, Mzee! Fungua sasa hivi!"

Akapiga magoti kwenye nyasi. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa uzee, uzi ukamshinda. Akauma fundo kwa meno. Nilimsikia akilia huku anatafuna.

Fundo likaachia.

Gari likainuka kidogo, kama mtu mzito ameshuka. Nyasi kando ya mlango zikalala, zikaendelea kulala moja moja kuelekea barabarani. Hakukuwa na upepo.

Kavetsa akakohoa. "Wamalwa, tuko wapi?"

Gari nililiacha pale pale. Sijarudi kulichukua, na sitarudi.

Mama Chelimo ana jamaa Moiben. Wanasema Jepchumba alizikwa Chepsaita, na waliobeba jeneza walitazamana, maana lilikuwa jepesi kama halina mtu. Tangu usiku ule kama amefika kwao au bado anatembea, hakuna anayejua.

Kavetsa hakumbuki chochote. Anapika, anaimba, anaenda kanisani. Ila hataki mlango ufungwe akiwa ndani. Jana jioni nilifunga komeo la mlango bila kufikiri. Akaacha kukata mboga za sukuma. Hakuniangalia usoni, aliangalia mkono wangu uliokuwa kwenye komeo. Aliuangalia, kisu mkononi mwake, hakupepesa macho, mpaka nikafungua tena.

Siku hizi tunalala mlango ukiwa wazi. Langas hii, na wezi wake wote... mlango wazi.

Wezi siwaogopi tena.