Kipimachuki na Watani Wawili

Saa moja asubuhi taa za vipimachuki ziliwaka zote kwa pamoja, mlango kwa mlango, jiji zima la Ruvu. Kila kifaa, kidogo kama kifungo cha koti, kilisikiliza wananchi wakizungumza siasa, kikapima ukali wa maneno na mapigo ya moyo, kisha kikaonyesha kwa rangi umbali kati ya jirani na jirani. Kijani, mnaelewana. Nyekundu, mtadhuriana. Baada ya uchaguzi uliomwaga damu, nani angethubutu kukikataa?

Aliyekibuni alikuwa Mhandisi Mwanahawa Pazi. Alikifunza kwa hotuba za bungeni, mijadala ya redio na kesi za uchochezi. Utani hakukifunza. Wala haukumjia akilini, msomi wa watu, ingawa ndio uliomlea.

Baba yake, Mzee Pazi, Mzaramo wa chama cha Ngao, alipakana ukuta na Mzee Shigela, Msukuma wa chama cha Nyuki. Kila asubuhi waliamkiana kwa matusi.

"Wewe Msukuma, chama chenu kinaongozwa na ng'ombe!"

"Afadhali ng'ombe ana maziwa! Nyie Wazaramo mna nini zaidi ya ngoma? Nyamaza, kabla sijakuzika mzima mzima!"

Kipimachuki kikasoma nyekundu kali. Sheria ya Utulivu haikuwa na mjadala, mmoja lazima ahamishwe. Roboti za Baraza la Jiji zikambeba Shigela na vyombo vyake hadi upande wa pili wa jiji.

"Mwanangu, yule ni mtani wangu," mzee alimsihi bintiye. "Waambie hao wenzio."

"Baba, mashine imemsikia akisema atakuzika mzima."

Mzee Pazi akageuka, akaingia ndani.

Tangu hapo kila asubuhi alisimama ukutani akaitukana nyumba tupu. Akishatukana, ananyamaza, anatega sikio. Hakuna jibu. Basi anatukana tena, kwa sauti ya chini zaidi. Kifaa kilichokosa wa kumlinganisha naye kikawaka kijani, na Mwanahawa akaripoti kwa Baraza kwamba mtaa umetulia. Masika yalipokwisha, mzee hakuamka.

Wakati wa kuandaa mazishi ndipo shangazi mmoja alipouliza, "Mtani wake yuko wapi?" Mtani ndiye huzuia jeneza, humwigiza marehemu, humwita mvivu na mlafi mpaka waombolezaji wacheke huku machozi yanawatoka. Bila yeye, mtu anaondoka kama mgeni. Mwanahawa alifuta ile amri ya uhamisho kwa mkono wake, akaenda kumleta Shigela mwenyewe.

Mzee Shigela alikuja amevaa shati jeupe, mwendo wa kuhesabu. Ua ulijaa watu. Akasimama mbele ya jeneza.

"Mtukane, mtani," Mwanahawa alimnong'oneza. "Nakuomba. Amri nimeifuta, hakuna atakayekugusa."

Midomo ya Shigela ilicheza. Neno lilimfika kooni, likarudi. Huko alikohamishiwa alikuwa amefundishwa kusema maneno ya kijani tu. Akashika kifua kwa mikono miwili.

"Pole sana, Mhandisi," alisema. "Marehemu alikuwa mtu mwema. Mpole. Hakuwa na neno na mtu."

Waombolezaji wakaitikia kwa adabu. Maisha yake yote Shigela hakuwahi kumsifu mwenzake, na Mwanahawa aliyasikia maneno yale kwa hofu, kana kwamba baba anauawa mara ya pili.

Wanaume wakainua jeneza. Mwanahawa akaruka, akasimama mlangoni, mikono ameitandaza.

"Hapiti! Huyu Mzaramo mvivu hapiti! Mlafi huyu, mpenda ngoma!"

Hakuna aliyecheka. Mtoto hamtanii baba yake. Shangazi wakamwonea huruma, wakamshika mikono, wakamtoa njiani taratibu.