Nyundo Bwawani

Haya yalimpata rafiki yangu Tetsuro, wa kule kwetu Yamakoshi. Baba yake alikuwa amelazwa hospitali, na kila jioni alipiga simu kuulizia koi wake, wale samaki wa bwawani.

"Bwawa likiganda usigonge barafu, mwanangu. Kishindo kinawaua. Weka juu yake birika la maji moto, itayeyuka polepole, wapate hewa."

Siku moja ya theluji Tetsuro aliona uvivu kuchemsha maji. Akaigonga barafu kwa nyundo mara tatu. Kesho yake samaki wote kumi na mmoja walikuwa wanaelea, matumbo juu. Akawazika nyuma ya ghala, na simu ilipolia akasema, "Wazima, Baba. Wametulia tu huko chini."

Mzee akauliza, "Sasa nani anagonga?"

"Anagonga wapi?"

"Hapa, chini ya kitanda changu. Tangu jana. Mara tatu, ananyamaza, tena mara tatu."

Tetsuro alitaka kukiri, lakini hakuthubutu. Nje giza lilishaingia.

"Hebu sikiliza," mzee akasema, akaishusha simu hadi sakafuni.

Pakagongwa mara tatu, taratibu. Kisha, humohumo simuni, barafu ikapasuka.