Mwenye Nguo Hii Hakufia Ulaya

Mimi si mwepesi wa kuamini watu, na mtu asinilaumu. Zika wajukuu wawili ndani ya miaka mitatu, halafu uje uniambie kama hutaanza kukumbuka nani alikusalimia asubuhi ile na nani alipita kimya.

Mwaka ule wa tisini na tatu, mwanangu Lidia alikuwa na mimba ya tatu. Ameolewa na Mmatengo mmoja mpole, Leopold, wanakaa Mbinga mjini. Mtoto wao wa kwanza, Ignatio, alikufa ana miezi mitatu. Wa pili, Ephrasia, hata miezi miwili hakufikisha, na safari hiyo nilifika nikakuta kashazikwa. Sasa barua ikaja: "Mama, njoo mapema. Wamesema nitajifungua kabla mwezi wa tano haujaisha. Naogopa."

Nikapanga kupanda milimani Alhamisi na lori la usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Sikumwambia mtu. Safari zile mbili za mwanzo nilitangaza kijiji chetu kizima cha Mbaha, wakanibebesha salamu na samaki wakavu, na yaliyotokea mmeyasikia. Safari hii nikafunga mdomo. Wifi yangu Veneranda, dada wa marehemu mume wangu, mlango wake na wangu inatazamana. Kila siku swali ni lile lile.

"Wifi, unapanda lini?"

"Mungu akipenda."

"Na Mungu atapenda lini?"

Nacheka, lakini moyoni nasema, wewe inakuhusu nini?

Jumatatu jioni nikatoka kwenda kwa Pankras, muuza mitumba wa pale ufukweni. Kwetu mtoto hanunuliwi nguo kabla hajazaliwa, ni mwiko. Lakini Mbinga iko milimani jamani, na mvua zikikatika ukungu wa kule unaingia mpaka kitandani. Nikasema nitatafuta kisweta kimoja, nitakificha chini ya magunia ya usipa, nani atajua?

Siku zile ndiyo kwanza mitumba imefika huku kwetu ziwani. Watu waliovaa viraka miaka yote ya shida, sasa unawakuta wamevaa makoti ya sufu kwenye joto la ziwa, jasho linawatiririka na hawavui ng'o! Nguo hizo tuliziita kafa Ulaya. Tukicheka kwamba mzungu akifa huko, huku kwetu kuna mtu anapendeza.

Jua lilikuwa limeshazama upande wa Malawi. Pankras alikuwa anafunga kamba zake, amenipa mgongo. Pembeni ya meza, juu ya robota la nguo, amekaa mwanamke. Kajifunika khanga mpaka puani.

"Za watoto ziko huku, Mama Lidia."

Sauti ndogo... kavu, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuongea. Mkononi ameshika sweta dogo la zambarau.

"Unaliuzaje?"

"Hili siliuzi. Hili ni la kwenu."

Nikadhani ananichezea. Nikataka kumjibu ovyo. Akaninyooshea sweta, akainama karibu na sikio langu.

"Alhamisi utachelewa."

Alhamisi.

Sikumwambia mtu!

Nikalipokea. Sijui kwa nini, mikono yenyewe ilikwenda. Likanukia udongo mbichi, na ndani ya udongo ule... maziwa ya mama. Nilipoinua macho, juu ya robota hapakuwa na mtu.

"Pankras," nikasema, "huyu mama ni wa wapi?"

"Yupi? Aliyekuwa nyuma yako?" Alikuwa bado anavuta kamba. "Si mmekuja wote? Nimemwona anakufuata tangu kule kanisani."

Nikaondoka karibu nakimbia, mtu mzima mimi, bila kugeuka nyuma.

Nyumbani nikawasha koroboi nikalipindua lile sweta. Chini ya kwapa la kushoto kulikuwa na mshono. Uzi wa kijani, wa nyavu. Mishono saba, na mwishoni fundo baya, nene.

Fundo langu.

Sweta la Ignatio lilikuwa jeupe. Lilinaswa na msumari, na kwa kuwa sikuwa na uzi mwingine, nikalishona kwa ndani na uzi wa nyavu za marehemu mume wangu. Mtoto alipokufa niliagiza azikwe nalo, asipate baridi. Sasa weupe umekuwa zambarau, ila uzi wa nyavu ni nailoni, haukushika rangi.

Kafa Ulaya, eti! Mwenye nguo hii hakufia Ulaya. Amelala Namswea, kwenye shamba la ukoo wa Leopold.

Na aliyemwosha Ignatio akamfunga sanda ni nani? Shangazi yake Lidia. Veneranda. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami usiku ule niliwaelewa.

Nikavuka uwanja. Nilimkuta anasuka mkeka. Juu ya kamba alikuwa ameanika ukindu aliotoka kuutia rangi, na rangi yenyewe zambarau. Nikamtupia sweta magotini.

Hakushtuka kama mtu asiyelijua. Alilitazama, akaweka mkeka chini.

"Umelitoa wapi, wifi?"

"Nakuuliza wewe."

Akanong'ona, "Nilimvua."

"Nani?"

"Ignatio. Kabla ya kumfunga sanda. Nilisema sufu nzuri hivi ikaoze, na Lidia atazaa tena? Nguo zilikuwa hazipatikani, wifi, unajua mwenyewe. Nikalitia rangi ya mikeka wasilitambue. Nikampelekea Lidia alipojifungua wa pili. Nikamwambia kafa Ulaya, nimelipata Songea."

"Ephrasia akalivaa."

"Akalivaa."

Nilimzaba kofi, na sijutii. Hata hakujikinga.

"Na Ephrasia ulimvua pia?"

"Hapana! Naapa kwa Bikira Maria. Nilishaanza kuogopa. Huyo alizikwa nalo, udongo nimeushindilia kwa mikono hii."

Tukalitazama wote wawili, liko pale magotini pake.

"Sasa nani kalitoa?" akaniuliza. Mimi ndiye niulizwe!

Nilitamani kulitupa ziwani. Lakini kitu kilichotoka kaburini kitashindwa na maji? Kulibeba mpaka kwa Lidia ndiyo kabisa, ni kumpelekea kifo mkononi. Likabaki moja, kulirudisha kwa mwenyewe. Tatizo ni kwamba Namswea haiko kwenye njia ya kwenda Mbinga, na kupitia huko ni kupoteza siku nzima. Siku nzima mwanangu yuko peke yake na uchungu wake.

Alhamisi sikuingoja tena; Jumanne alfajiri tukapanda lori, mimi na Veneranda. Sikumchukua kwa upendo, nilimtaka mbele ya macho yangu. Tukakaa juu ya magunia tunatazamana, milima inapanda, baridi inaongezeka. Tulishushwa njia panda, tukatembea, na jua lilikuwa linazama tulipofika makaburini.

Watoto wale walilazwa ubavuni mwa bibi yao, mama yake Leopold, aliyekufa kabla mwanangu hajaolewa. Hatukuwahi kumwona, si mimi wala Lidia. Nikaenda kwanza kwenye kaburi la Ephrasia. Nikapiga magoti, nikapapasa. Majani yameota, mizizi imeshikana, udongo mgumu.

"Veneranda. Halijaguswa."

Alikuwa analia. "Nimekuapia, wifi."

Nani mwongo, yeye au kaburi? Mpaka leo sijui, na hatujawahi kuulizana tena.

Nikachimba kwa jembe nililokuja nalo upande wa kichwa cha Ignatio. Si sana, mpaka kwenye kiwiko. Nilipolitoa sweta mfukoni, lilikuwa na joto.

Joto la mwili.

Nikaliweka upesi, tukafukia kwa mikono. Veneranda akasema, "Nisamehe, mwanangu." Ndipo chini yetu, kwenye mibuni, tukasikia mtu anabembeleza mtoto... sauti ndogo, kavu. Hatukungoja kumwona. Tulikimbia mpaka kwa ndugu zake Leopold, tukalala huko kwa tabu, na alfajiri tukadandia gari la mahindi kwenda Mbinga.

Leopold tulimkuta hospitalini, nje ya wodi, meno yote nje.

"Shikamoo, Mama. Ni msichana! Jana, jua linazama."

Nililia pale pale mbele za watu. Ndani mtoto alikuwa anapiga kelele, mwekundu, mzima, kafungwa kwenye koti la baba yake. Veneranda akabaki mlangoni, anaogopa hata kumtazama.

"Mama," Lidia akasema taratibu, "jana mlipitia wapi?"

"Kwa nini?"

"Uchungu uliponizidi, kuna mama alikuja akakaa hapa kitandani. Wauguzi wanasema hawakumwona. Ana watoto wawili, mmoja kila mkono. Nikamwambia mama yangu hafiki. Akanijibu kwa Kimatengo: usiogope, amepitia kwangu kwanza."

Nilisikia Veneranda anakaa chini sakafuni.

"Mtoto alipotoka, akamtazama sana, Mama. Mpaka nikaogopa. Nikamwambia, tafadhali, huyu usimchukue." Lidia alimvuta mtoto karibu. "Akasema hawezi, mikono yake imejaa. Akasema nisubiri mpaka mmoja wa hawa aanze kutembea."