Chuma ya Midomo Tatu

Sindano ilipanda, na moteri ilikuwa imezimwa.

Mwavita njo aliiona wa kwanza. Alikuwa ameketi kwa mashini yake ya kushona, chini ya baraza, hatua tatu tu na ile gari bwana yake Asani alikuwa anatengeneza. Ilikuwa saa sita ya muchana, Kavimvira yote inaungua na jua, na funguo ya gari ilikuwa inaning'inia kwa musumari juu ya kichwa yake. Yeye mwenyewe aliitungika pale. Na bado, nyuma ya kioo, kwa ile saa ndogo mupya ya kupima presio ya mafuta, sindano ilitoka kwa sifuri, ikapanda polepole mpaka mbili, ikashuka. Ikapanda tena. Ikashuka.

Kama kifua ya mutu amelala.

"Asani," akaita. "Ile kitu yako inapima nini, na gari imezimwa?"

Asani akatoka chini ya gari, mafuta mpaka kwa ndevu. Akaangalia, akagonga kioo ya saa na kidole. "Inapima bujinga ya fundi," akasema. "Kuko fasi nimekosea. Usijali, mama."

Gari ilikuwa ya Papa Gaspard, mulimaji wa muchele wa Runingu. Iko gari ya turbo, na turbo iliungua mwaka uliopita juu mafuta haikufika, na taa nyekundu ya kuonya iliwaka ikiwa imechelewa. Safari hii alitaka kapteri, ile kichuma kidogo inasikiliza presio ya mafuta na kuituma kwa sindano, ili aione hatari mbele haijafika.

Sasa, ili kapteri ikae pamoja na ile ya zamani ya taa nyekundu, ilihitaji chuma moja ya shaba yenye midomo tatu: mudomo moja kwa moteri, moja kwa taa, moja kwa kapteri. Uvira muzima, Asani aliikosa. Bujumbura iko, lakini barieri ya mupaka ilikuwa imefungwa tangu siku tisa, na Gaspard alikuwa anapiga simu asubui na jioni. Njo Asani akakumbuka ile aliokota.

Ziwa ilipopanda ile miaka, ilikula nyumba za upande wa chini, safu mbili. Iliporudi nyuma iliacha vitu kwa muchanga, sufuria, milango, viti. Watu wa pale wanaokota, lakini kwanza wanatupia maji kitu, hata chumvi ya kiganja, na wanaomba ruhusa. Asani siku ile alikuwa na haraka. Aliokota shaba yenye midomo tatu bila kusema neno. Kila mudomo ilikuwa imezibwa na nta nyeusi, na uzi nyekundu umezungushwa juu.

Alikata uzi. Alichokoa nta na waya. Kisha akafanya vile mafundi wote wanafanya wakitaka kujua kama tundu iko wazi: akapuliza. Pumuzi haikupita.

"Jaribu weye, mama," akamuambia Mwavita, akimusogezea chuma kwa mudomo. "Weye uko na kifua ya kuita watoto mpaka ng'ambo ya Ruzizi."

Mwavita akacheka, akapuliza na nguvu yote. Kitu kikafunguka mule ndani, pwa! Asani akashangilia. Lakini Mwavita alisikia pumuzi yake inaingia, inaingia tu, na haitokei upande wa pili, kama maji inaingia kwa tundu ya panya. Akatoa mudomo, akajipangusa. Chuma ilikuwa baridi kama imetoka chini ya ziwa leo ile ile. Akairudisha kwa Asani. Utasema nini, kwamba shaba imekunywa pumuzi yako?

Jioni ya siku ile sindano ilipanda, Asani akatoa karatasi iliyotoka na kapteri. Mwaka uliopita, na miaka yake hamsini na tatu, njo alijifunza kusoma, kwa darasa ya wazee. Tangu siku ile hakuna karatasi ilimupita, hata ya kufungia sabuni. Kila jioni alimusomea Mwavita kitu, na kidole chini ya kila neno, na kila neno alisimama, akavuta pumuzi.

"Usi… zungushe… teflon… kwa… meno… ya… kapteri."

"Unasoma kama mutu anapanda mulima na gunia ya mihogo," Mwavita akamuambia. "Kila hatua unapumzika!"

"Na wa gunia anafikaka, mama. Sikiliza. Juu… masi… inapita… pale." Akaruka. "Njo ile! Nilizungusha teflon, nikakata masi, njia umeme inarudia, sindano ikawa kichaa! Unaona? Mutu hajui kusoma angehangaika wiki!"

Mwavita akafurahi juu ya furaha yake. Lakini usiku mzima kifua yake ilikuwa nzito, kama mutoto amelalia juu.

Kesho Asani akafungua kapteri, akatoa teflon yote, ile utepe nyeupe ya kuzuia mafuta kuvuja, akasugua meno, akaongeza waya ya masi. Gaspard naye akafika, kofia mukononi.

"Fundi, hii gari iko ya turbo ama iko ya maombi? Kila siku ninaambiwa nivumilie."

"Imeisha, Papa Gaspard. Nimesoma kwa karatasi, nimeona kosa."

"Eh! Umesoma! Basi sasa tutakufa na akili."

Wakacheka wote watatu. Ilikuwa karibu saa sita. Kapo, kifuniko ya moteri, ilikuwa wazi, funguo kwa musumari. Gaspard akainamia kioo aone saa yake mupya, na kicheko ikakatika.

"Fundi. Inapanda."

Mbili. Mbili na nusu. Tatu. Harufu ikatoka kwa moteri, si ya mafuta: harufu ya tope na samaki ndakala zilizooza, harufu ya chini kabisa ya ziwa. Na Mwavita, kwa mashini yake, akasikia mbavu zake zinakazwa moja moja, kama mutu anakaza visi na bisibisi. Mukasi ikaanguka. Akafungua mudomo, hewa ikakataa kuingia. Sindano ikakaa pale kwa tatu kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini, ikashuka, na hewa ikamurudia.

Gaspard akarudi kinyumanyuma mpaka kwa barabara, kofia kifuani.

"Nitarudi," akasema polepole. "Wiki ingine. Hakuna haraka, ndugu yangu. Hakuna haraka kabisa."

Siku ya tatu Asani akatoa betri kwa gari, akaiweka chini, mbali, karibu na mulango ya jikoni. Akachomoa na waya ya kapteri. "Sasa tutaona itakula moto ya umeme wapi," akasema, lakini sauti ilikuwa ya mutu anajisemea. Mwavita alikuwa amekataa kuingia nyumbani. Alitaka kuona.

Saa sita ikafika na barabara ikanyamaza, hata bapikipiki wa barieri hawakusikika, na kwa ile kimya, kutoka mule ndani ya moteri baridi isiyo na betri, turbo ikaanza kuzunguka, fyuuu, nyembamba kwanza kama mutoto anapiga mbinja, kisha ikanenepa, fyuuuu, na kila ilivyozunguka Mwavita alisikia inavuta, si kwa gari, kwake, kwa shingo yake, inavuta pumuzi yake kama uzi inatoka kwa bobini, na sindano isiyofungwa kwa kitu chochote ikapita tatu, ikafika nne, na kitu ya mwisho aliona mbele ya kuanguka ni kioo ya gari, jua kali limeipiga, na kwa ndani kioo imejaa mvuke, kama mutu ameketi mule anapumua.

Alizindukia kwa kituo ya afya. Muganga alikuwa amemupa dawa ya kuvuta, ameandika kwa fishi ya mugonjwa: asima, bugonjwa ya pumuzi. Jioni wakarudi nyumbani. Asani akaweka fishi ile kwa meza, na kando yake akaweka kayé yake mwenyewe, ile alikuwa anaandikamo kila siku sindano imefika ngapi na saa ngapi, juu alipenda kuandika. Akaweka kidole ya kuume kwa kayé, ya kushoto kwa fishi. Akasoma neno kwa neno. Mwavita akaona uso yake inakuwa ya majivu.

"Asani. Kumeandikwa nini?"

"Jana… saa sita… bar tatu," akanong'ona. "Na hapa weye ulimuambia muganga: jana, saa sita, kifua ilifunga. Leo, bar nne. Leo, ulianguka." Akainua macho. "Mama, ile sindano haipimi mafuta. Inapima weye."

Njo Mwavita akamuambia ile alificha, vile shaba ilikunywa.

Asubui wakamuita Mama Sofia. Mababu zake walikuja na biashara ya ziwa zamani sana, na yeye anajua majini ya maji kama mutu anajua majirani wabaya. Muzee mufupi, macho moja imeziba. Hakuingia kwa parseli ya nyumba. Alisimama kwa barabara, akanusa.

"Nani alitoa nta?"

"Minye, mama," Asani akajibu.

"Na nani alipuliza?"

"Wote wawili. Yangu ilikataa. Yake ikaingia."

"Haikukataa," Mama Sofia akasema. "Ilionja, ikaiacha ya kesho. Ile mutu wa mule alifungwa juu ya njaa ya pumuzi. Sasa anavaa pumuzi ya muke yako. Ikifika tano, itakuwa yake. Saa sita, nitawaambia kila kitu ya kufanya. Fungueni chuma, muilete hapa, mbali na gari."

Asani akafungua kapteri, akafungua ya taa, akatoa shaba kwa moteri. Mafuta ikadondoka. Chuma ilikuwa imeganda baridi na ilikuwa inapiga mukononi mwake, tu, tu, tu. Saa sita Mama Sofia akaziba mudomo moja na nta ya moto, akawakalisha uso kwa uso, magoti inagusana, shaba katikati.

"Mwavita, weka mudomo hapa, vuta yako. Asani, weka hapa, umusukumie. Puliza tu. Sikiliza vizuri, mutoto wangu: usivute. Hata kifua ipasuke, hata usikie unakufa, usivute. Nikisema basi, mutoe midomo wote, na nitaziba."

Akaanza kusoma dua, sauti ya chini.

Mwavita akavuta. Kwanza ikaja tope, ladha ya tope na damu ya chuma, kisha ikaja yenyewe, pumuzi yake, aliitambua vile mutu anatambua nguo yake kwa kamba ya mwingine, ikashuka kooni, ikafungua mbavu moja, ya pili, ya tatu, na mbele yake macho ya Asani ilikuwa imetoka, mishipa ya shingo imevimba, anapuliza, anapuliza, pumuzi imemuishia na bado anapuliza, na ndani ya shaba kitu ilikuwa inakwaruza na kulia kama turbo inalia, fyuuuu, na Mama Sofia alikuwa hajasema basi, hajasema, na Mwavita akaona kifua ya bwana yake, chini ya shati ya kazi, inapanda mara moja, kubwa, kama mutu ametoka chini ya maji.

"Basi!"

Nta ikapiga midomo yote mbili. Mulio ikakatika. Mwavita alikuwa analia na anapumua, anapumua mpaka kwa kitovu.

"Ulivuta?" Mama Sofia akauliza.

"Sikuvuta," Asani akasema.

Muzee akafunga uzi nyekundu, akapima shaba kwa kiganja, juu, chini. "Iko nyepesi, kama nyumba mutu ametoka," akasema polepole. Akamuangalia Asani na ile macho moja, muda murefu. Kisha wakaenda kwa ziwa, wakatupa chumvi, wakatupa chuma.

Wiki ya pili barieri ikafunguliwa. Shaba mupya ikatoka Bujumbura, Asani akaifunga, na sindano ikatii: moteri ikiwaka, bar nne, moteri ikizimwa, sifuri. Gaspard akaondoka na honi mpaka kona.

Jioni ile Mwavita akaweka chai na kiti mbili. "Sasa nisomee," akasema. "Na gunia yako ya mihogo."

Asani akachukua ile karatasi ya kapteri. Hakuweka kidole. Akaanza juu kabisa, na maneno ikatoka moja nyuma ya ingine, laini, bila kukwama, na Mwavita akacheka kwanza, akapiga mikono, eh, bwana yangu, umekuwa mwalimu, kisha akangojea fasi ya kupumzika, na fasi ile haikuja, mustari ya kwanza ikaingia kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, sauti ile ile, haipandi, haishuki, na shati juu ya kifua yake ilikuwa imetulia kama shati kwa kamba siku isiyo na upepo. Chai ikapoa. Mwavita akanyoosha mukono, akaweka vidole viwili chini ya pua ya bwana yake.

Baridi. Harufu ya tope.

Karatasi ikaisha, nyuma na mbele, mpaka neno ya mwisho.

Asani hakunyamaza.